Kutafuta Matairi Halisi ya Lori la Zamani la Jeshi: Rimu Kwanza, Matangazo Baadaye

Anayenunua GMC CCKW, lile lori la tani mbili na nusu ambalo Marekani ilitengeneza zaidi ya 500,000 kati ya mwaka 1941 na 1945, huanza akiamini ana shida ya tairi moja. Moja limepasuka, yaliyobaki "bado yanavuta". Wiki mbili za kupekua matangazo zikipita, anagundua kuwa shida yake ni ya matairi kumi, na spea la kumi na moja. Nilipita njia hiyo, na nilituma fedha kabla sijajua ninachonunua. Haya ndiyo ambayo ningefurahi kama mtu angenikalisha chini na kuniambia mapema.

Karibu wote tunaanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye tairi. Anzia kwenye rimu. Tairi huchakaa na kubadilishwa, lakini rimu ndiyo inayoamua tairi gani litaingia, litakaa vipi na litakuua au halitakuua.

Hatua ya 1: Jua lori lako lilizaliwa na nini

Usiamini matairi unayoyakuta yamevaa. Lori la jeshi likishauzwa kwa raia hupita kwa mkulima, mkata magogo na mkandarasi wa barabara, na kila mmoja hulivalisha alichopata siku hiyo. Soma kibati cha chuma kilicho kwenye dashibodi, kisha tafuta kitabu cha ufundi cha jeshi. Vya Marekani vina namba: CCKW ni TM 9-801, jipu (jeep) la Willys MB ni TM 9-803, Dodge za robo tatu ya tani ni TM 9-808, na familia ya M35, lori la tani mbili na nusu la baada ya vita, iko kwenye vitabu vinavyoanza na TM 9-2320-209. Vingi vimeshapigwa picha na vinapatikana kwenye intaneti bila malipo.

Saizi ambazo utakutana nazo mara nyingi ni hizi. Willys MB na Ford GPW huvaa 6.00-16, na warithi wao M38 na M38A1 huvaa 7.00-16. Dodge WC-51, WC-52 na ile ya magurudumu sita WC-63 huvaa 9.00-16, na M37 iliyofuata baada ya vita ikabaki na saizi hiyohiyo. CCKW ni 7.50-20. DUKW, lori linaloogelea, ni 11.00-18. M35 ni 9.00-20 na M54 ya tani tano ni 11.00-20. Bedford QL ya Uingereza ni 10.50-20. Kwa upande wa Urusi, GAZ-66 na ZIL-157 ni 12.00-18, na ZIL-131 ni 12.00-20.

Angalia mtego mmoja hapo. M34 na M35 ni ndugu wa tumbo moja, injini ileile na kabini ileile, ila M34 ilitoka kiwandani na matairi sita makubwa ya 11.00-20, bila pacha (matairi mawili yanayokaa pamoja) nyuma, wakati M35 ina kumi ya 9.00-20. Watu wengi wamebadilisha moja iwe nyingine. Ukiona M35 imesimama juu ya matairi sita mapana, usikimbilie kusema ndivyo ilivyozaliwa.

Namba zenyewe zinasomeka hivi: katika 7.50-20, ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kistari katikati kinaonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepita kwa mshazari, zikikatizana. Ikiwa badala ya kistari pana herufi R, tairi ni la radiali. Hakuna namba ya urefu wa ubavu kwa sababu enzi hizo urefu ulikuwa unakaribiana na upana. Kwa hiyo 7.50-20 hufikia kimo cha inchi 36 hivi, na 9.00-20 inchi 40 hivi.

Sasa toa gurudumu moja, lisafishe kwa brashi ya waya na usome kilichogongwa kwenye rimu: kipenyo, upana, mtengenezaji. Nusu inchi si jambo dogo. Rimu ya inchi 16.5 inafanana kwa macho na ya 16, na tairi la 16 huanza kupanda juu yake kama kwamba linakubali. Halikubali. Mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaoshika rimu, haukai mahali pake, fundi huongeza upepo ili ukae, waya wa ndani ya mdomo hukatika na gurudumu hulipuka usoni mwake. Watu wamekufa hivyo. Na matairi ya 22.5 ya malori ya leo, yasiyo na tyubu, hayana undugu wowote na rimu ya 20.

Ukiwa hapo hapo, kagua kutu. Rimu nyingi za malori haya ni za vipande: mwili wa rimu na pete ya kufungia inayokaa kwenye mfereji. Kutu ikishakula mfereji huo, au pete ikiwa imepinda au ina ufa, hesabu ya matairi isimame kwanza, unatafuta rimu. Pete haichomelewi, na haichanganywi na rimu ya mtengenezaji mwingine hata ikiingia.

Hatua ya 2: Amua neno "halisi" lina maana gani kwako

Hapa ndipo wauzaji na wanunuzi huzungumza lugha mbili bila kujua. Tairi "halisi" linaweza kuwa lililotengenezwa wakati ule ule wa lori. Linaweza kuwa lililotengenezwa miongo kadhaa baadaye, kwa mkataba wa jeshi, kwa saizi na kashata (mafundo ya mpira yanayogusa barabara) zilezile. Au linaweza kuwa jipya kabisa, la kiwanda cha leo, lililonakili sura ya zamani.

Kashata ndizo zinazolipatia lori la Marekani sura yake. Kwa malori ya vita kuu ya pili na mengi yaliyofuata, sura hiyo huitwa NDT, kifupi cha maneno yanayomaanisha kashata zisizo na mwelekeo. Mafundo makubwa ya mraba yamepangwa sawasawa pande zote, hivyo tairi hushika matope kwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu ileile, na linafungwa upande wowote wa lori bila kujiuliza linazunguka kwenda wapi. Kwa jeshi linalobadilisha matairi gizani, hilo lilikuwa na thamani kuliko ukimya barabarani. Husemwa pia kwamba nyayo zake hazimwonyeshi adui gari lilielekea upande gani. Pengine, ila mfuatiliaji mzuri ana alama nyingine za kusoma. Kwenye lami yenye maji NDT ni tairi baya, na kwenye barafu ni baya zaidi. Jua hilo kabla ya kulipenda.

Matairi ya vita yenyewe, yenye muhuri wa mwaka 1943 au 1944, yana jambo lao. Japani ilipoiteka Malaya, na Singapore ikaanguka Februari 1942, Marekani ilipoteza sehemu kubwa mno ya mpira wake wa asili. Viwanda vikageukia mpira wa kutengenezwa uliojulikana kama GR-S. Ulishinda vita, ila ulipata joto upesi kuliko mpira wa miti, na sasa una umri wa zaidi ya miaka 80. Tairi la namna hiyo likipatikana zima ni kitu cha makumbusho. Livishe lori linalosimama ndani ya jengo, juu ya vigogo, likiwa na upepo kidogo wa kulipatia umbo. Usiliendeshe, hata kwa gwaride la mtaani.

Msimamo wangu ni huu: kwa lori linalotembea, nunua jipya lenye sura ya zamani. Akiba ya jeshi naikubali ikiwa mwaka wake unasomeka na ni wa karibuni. La vita nalipongeza nikilipita kwenye kabati la kioo.

Hatua ya 3: Hesabu unahitaji mangapi

Hatua hii ndiyo inayouma. Nyuma ya CCKW au M35 matairi yanakaa mawili mawili. Ukifunga jipya kando ya lililoisha, lile refu hubeba mzigo wote na lile fupi huburuzwa. Kanuni ya zamani ya mafundi wa malori ni kuwa matairi pacha ya hadi 8.25-20 yasipishane kipenyo zaidi ya robo inchi, na ya 9.00-20 kwenda juu yasipishane zaidi ya nusu inchi. Pima kwa futi ya utepe kuzunguka tairi lililojazwa upepo: robo inchi ya kipenyo ni kama robo tatu ya inchi ya mzunguko, nusu inchi ni kama inchi moja na nusu. Ikibidi yapishane ndani ya mipaka hiyo, refu likae nje.

Kuna la pili ambalo wengi hulisahau. Kwenye malori haya ekseli mbili za nyuma huzungushwa pamoja, bila difu katikati yao ya kusamehe tofauti. Ekseli ya kati ikivaa matairi mapya na ya nyuma ikivaa yaliyoisha, moja inataka kwenda mbali kuliko nyingine kwa mzunguko uleule. Kwenye matope tairi huteleza na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu mvutano hurudi kwenye shafti na giaboksi, na huko ndiko vitu vya gharama vinakovunjikia. Ekseli ya mbele ikiunganishwa, mambo ni yaleyale.

Kwa hiyo ukikosa fedha za kumi, nunua nane ya nyuma kwa pamoja, kisha mawili ya mbele baadaye, na usiunganishe ekseli ya mbele kwenye barabara ngumu mpaka hapo. Usichanganye la mshazari na la radiali kwenye ekseli moja. Lori litakuvuta upande, na breki zitakushangaza.

Hatua ya 4: Tafuta kwa namba, si kwa maneno

Andika "tairi la lori la jeshi" kwenye mtambo wa kutafuta na utaletewa vitu vya kuchezea watoto. Andika saizi kamili na neno NDT, na milango inafunguka. Andika vilevile namba za ghala za jeshi: vifaa vya Marekani na washirika wake wa NATO vina namba ya tarakimu 13, na za matairi na tyubu za magari huanza na 2610. Muuzaji wa mabaki ya jeshi ambaye hajui lori lako ni nini atakuwa ameorodhesha mzigo wake kwa namba hiyo tu, na hapo unakuwa peke yako sokoni. Vilevile kila familia ya magari ya Marekani ilikuwa na herufi G na namba yake kwenye orodha za vipuri: jipu G-503, CCKW G-508, DUKW G-501, M35 G-742. Wakusanyaji wa zamani huzungumza kwa namba hizo kama majina ya ukoo.

Kwa matairi mapya yenye sura ya zamani, Marekani bado ndiko chimbuko kuu. Specialty Tires of America, kampuni ya Pennsylvania iliyokuwa ikiitwa McCreary, imeendelea kutengeneza matairi ya NDT. Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, huuza matairi ya magari ya kale ya kila namna, ya kijeshi yakiwemo. Kwa akiba ya jeshi, serikali ya Marekani huuza mabaki yake kwa mnada wa wazi kwenye mtandao, na matairi huuzwa kwa mafungu. Fungu lina neema na laana yake: utapata kumi kwa mpigo, ila matatu yanaweza kuwa yamekaa juani.

Usidharau watu. MVPA, chama cha Marekani cha kuhifadhi magari ya kijeshi kilichoundwa mwaka 1976, na Military Vehicle Trust ya Uingereza vina wanachama ambao ghalani mwao mna seti nzima waliyoinunua kwa lori ambalo hawakulimaliza. Mzee mmoja wa namna hiyo anazidi matangazo mia. Mwandikie kwa heshima, mweleze lori lako kwanza, bei iulizwe mwishoni. Wengi wao hawataki kuuza kwa mtu. Wanataka kuuza kwa lori.

Saizi adimu zina njia zake. Mwenye 11.00-18 ya DUKW na mwenye 10.50-20 ya Bedford wasitarajie kununua wiki hii. Wajiunge na wenzao wenye gari lilelile, maana mara nyingine mtu huagiza kwa wingi na wengine hupanda mgongoni mwa agizo lake. Mwenye ZIL-131 atakuta 12.00-20 imetengenezwa kwa malori ya kiraia pia, ila kashata hazitafanana.

Hatua ya 5: Mhoji muuzaji

Taka picha nne kwa kila tairi: saizi, tarehe, mdomo wa ndani, na ubavu ukiwa umebonyezwa ili nyufa zifunguke. Asemaye "yote yanafanana, picha moja yatosha" anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tarehe ndiyo roho ya mazungumzo. Kwenye matairi yanayofuata alama ya Marekani, tafuta herufi DOT na ufuate mstari hadi mwisho. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3417 ni wiki ya 34 ya mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na ya mwisho pekee ndiyo mwaka, hivyo 348 yaweza kuwa 1978, 1988 au 1998. Kwa mnunuzi tofauti hiyo haina maana tena: tarakimu tatu ni zee, basi. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kuwa miaka kumi tangu kutengenezwa ndiyo mwisho, kashata ziwe nzima kiasi gani. Msimbo mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo picha ya upande mwingine si ushahidi wa chochote.

Mimi nilinunua manne "mapya ya ghalani, hayajawahi kufungwa". Ilikuwa kweli. Yalikuwa meusi, yana vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani, yananukia mpira. Sikuuliza mwaka. La kwanza lilitoa uvimbe ubavuni likiwa halijafika hata nusu ya upepo, la pili kashata zilianza kubanduka kama gamba baada ya safari tatu. Muuzaji hakunidanganya neno hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Uliza pia plai, yaani kipimo cha nguvu ya tabaka za nyuzi ndani ya tairi. Matairi ya zamani huandika idadi yake, mapya huandika herufi: C ni plai 6, D ni 8, E ni 10, F ni 12. Usishuke chini ya kile kitabu kinachotaka. Na uliza kama limewahi kuvishwa kashata upya. Jeshi lilifanya hivyo kwa wingi, na si dhambi, ila mwili wa ndani wa tairi hilo unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kashata zake.

Hatua ya 6: Tyubu na flapi

Agiza pamoja na matairi, mapya yote. Tyubu iliyokwishatumika imevutika, na ukiiingiza kwenye tairi jipya hujikunja. Kwenye kunjo huchanika. Iwe ya saizi yako na ya aina ya tairi lako, kwa sababu tyubu ya tairi la mshazari haistahimili mchezo wa ubavu wa radiali. Flapi ni ule mkanda mpana wa mpira unaokaa kati ya tyubu na chuma ili pete na kutu visiile tyubu. Kwenye rimu za inchi 20 haikosekani. Valvu nayo iangaliwe: kwenye pacha ya ndani inahitajika ndefu na iliyopinda ili ifike mahali ambapo mkono na pampu vinaweza kuikuta.

Hatua ya 7: Mzigo ukifika

Usisaini kabla ya kugusa. Pitisha kiganja ndani ya kila tairi ukitafuta uvimbe, msumari au maji. Angalia mdomo: matairi yaliyolazwa kwa miaka, moja juu ya jingine, hubanwa midomo ikakaribiana, na yatakataa kukaa kwenye rimu. Yanaweza kurudi yakisimamishwa juani saa kadhaa yakiwa yametanuliwa kwa vipande vya mbao. Pima mzunguko wa kila moja na uandike kwa chaki ubavuni, yakupe pacha zinazofanana. Na uwe na msaidizi: gurudumu la 11.00-20 likiwa na rimu yake hukaribia kilo 100, nalo likianza kuanguka usilizuie. Liache lianguke.

Hatua ya 8: Kuvua na kuvisha

Kama hujawahi kushika rimu ya pete, hii si kazi ya kujifunzia peke yako. Tafuta fundi wa matairi ya malori aliyezizoea. Wengi wa umri mdogo hawajaziona, na anayesema "rimu ni rimu tu" mshukuru uondoke. Hata akipatikana, simama ujue anachopaswa kufanya.

Upepo hutolewa wote kabla ya nati yoyote kuguswa. Kutoa wote maana yake ni kufungua kiini cha valvu, kukitoa nje kabisa, na kupitisha waya mwembamba kwenye tundu kuhakikisha halijaziba. Kwenye pacha, fanya hivyo kwa matairi yote mawili. Rimu za vita za jipu na Dodge zina hatari yake: ni nusu mbili zilizobanwa kwa nati, na mtu asiyezijua hufungua nati hizo akidhani ndizo za gurudumu. Tairi likiwa na upepo, nusu ya rimu humrukia. Jipu huning'inizwa na nati tano za katikati. Zile zinazozunguka nje hazifunguliwi mpaka kiini cha valvu kiwe mkononi mwako.

Stadi (bolti zinazoshika gurudumu) za upande wa kushoto wa magari mengi ya Marekani ya enzi hizo hufungwa kinyume, na nyingi zimegongwa L kichwani. Nimeona bomba la mita mbili likitumika kukaza nati ambayo mtu aliapa anaifungua.

Kuvisha: rimu isafishwe hadi chuma na ipakwe rangi, ikauke. Tyubu ipakwe poda na ipewe upepo kidogo sana wa kuipa umbo. Flapi ilale bila kukunjika, na mafuta ya kulainishia mdomo yawe ya matairi. Grisi na oili hula mpira. Pete ikaguliwe imeingia mferejini mzunguko mzima. Kisha gurudumu lote huingia kwenye kizimba cha chuma kabla ya upepo. Sheria ya usalama kazini ya Marekani, 29 CFR 1910.177, inadai kizimba hicho kwa rimu za vipande, na pampu yenye klipu inayojishikilia yenyewe pamoja na geji mbali na gurudumu, ili mtu asisimame mbele ya pete. Wanaofunga mnyororo badala ya kizimba wapo kila mahali. Mimi sikai karibu nao. Na nyundo haigusi pete yenye upepo, hata kwa "kuigonga kidogo ikae". Ikikaa vibaya, toa upepo wote, uanze upya.

Sheria hiyohiyo ina kanuni nyingine nzuri ya kukariri: tairi lililokuwa likitembea na upepo wa asilimia 80 au chini ya unaotakiwa halijazwi tu na kuendelea. Upepo hutolewa wote, linashushwa kwenye lori na kukaguliwa, kwa sababu pete inaweza kuwa imesogea wakati tairi limelegea.

Wakati wa kufunga pacha, panga matundu ya rimu mbili yaelekeane na valvu zikae pande mkabala. Utaikumbuka siku unapohitaji kujaza la ndani bila kuvua la nje. Kaza kwa kuruka, nati moja na ya mkabala wake, pacha ya ndani kwanza kisha ya nje, na baada ya kilomita 80 za mwanzo rudia kukaza zote.

Hatua ya 9: Siku za mwanzo, na siku za kusimama

Upepo ufuate kibati na kitabu cha lori, si namba ya juu kabisa iliyo ubavuni mwa tairi. Asubuhi za kwanza utasikia lori likigonga kama lina gurudumu la pembe nne. Matairi ya mshazari yakisimama huchukua umbo la sakafu. Kilomita chache zikipita na joto likipanda, mgongo wake hunyooka. Usianze kubadilisha vitu.

Lori linalosimama miezi lipandishwe juu ya stendi, au lisogezwe kidogo kila baada ya wiki kadhaa. Matairi ya akiba yakae wima, gizani, mahali pakavu, mbali na mota za umeme na mashine za kuchomelea, kwa sababu ozoni inayotoka humo ndiyo inayopasua mpira. Yale uliyoyavua, ikiwa ni ya miaka ya vita na yana muhuri unaosomeka, usiyachome wala kuyageuza vyungu vya maua. Kuna mtu ana lori la maonyesho ambaye amekuwa akiyatafuta muda mrefu kuliko wewe ulivyotafuta ya kwako.